Usiku maji yalipokuja Ganjoni

Mwaka 2016 bosi wangu wa Kampala aliniita ofisini kwake akaniuliza swali moja tu, wewe si mtoto wa Bombo, kule kwa Wanubi na kambi ya jeshi, Kiswahili unakijua? Nikasema nakijua. Akasema basi jiandae, unahamia Mombasa. Ndio hivyo, hakuna intavyuu hakuna nini. Kampuni yetu ilikuwa inaagiza spea za magari, makontena yanashukia Kilindini, bandari ya Mombasa, na kila mzigo ukikwama bosi anampigia simu ajenti wa kutoa mizigo bandarini, ajenti anasema kesho, hiyo kesho inageuka wiki. Akataka mtu wake pale pale, wa kukaa, sio wa kwenda na kurudi. Sasa ofisi nzima ilikuwa ya watu wa Luganda na Kiingereza. Katiba yetu ilikiweka Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005 lakini we kizungumze tu kwenye taksi ya Kampala uone watu wanavyoshika mifuko, wanadhani ni mwanajeshi au mwizi. Sisi wa Bombo tumeshazoea. Tumekulia pembeni mwa kambi, ndani ya nyumba Kinubi, nje Kiswahili, na mimi binafsi sikuwahi kuona hicho Kiswahili kikinipa hata kikombe cha chai mpaka siku ile.

Nyumbani habari ikapokelewa kila mtu na lake. Mama akauliza kule swala ya Ijumaa inakuwaje, nikamwambia mama, Mombasa misikiti iko kila kona, akatulia. Shangazi ndiye aliyekuwa na kazi. Alikaa mkekani anakaanga gurusa, chapati zetu za Kinubi, na huku ananisimulia majini ya Mombasa, wanawake wazuri wanaopanda gari lako usiku ukiangalia chini unakuta miguu ina kwato, na yeye Mombasa hajawahi kufika, mbali alikofika ni Jinja. Nikamuuliza shangazi hizo habari umezitoa wapi, akasema kila mtu anajua. Marafiki nao wakaanza kuniita ekspati. Ekspati gani bana, mzungu akihamishiwa Kampala anapewa nyumba Kololo na dereva, mimi nilipewa mshahara ule ule, nyongeza ya kodi ya nyumba na laini ya simu ya Kenya.

Safari yenyewe sitaisema sana. Basi jioni kutoka Kampala, mpakani Busia nikavuka na kitambulisho cha taifa tu bila pasipoti, asubuhi Nairobi, hapo kubadilisha basi, halafu ile barabara ndefu ya Tsavo ambayo unalala unaamka bado ni vichaka. Kampala tuko juu kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari na mwili wangu ulikuwa haujui hilo, ulijua tulipofika Mariakani. Hewa ikawa nzito, shati likanigandia mgongoni, na jirani yangu kwenye siti, mama mmoja wa Voi, akafunua dirisha akasema karibu pwani. Nilikuwa nasubiri kuona bahari wakati wa kuingia kisiwani. Kisiwa kile ukitokea bara unaingilia Makupa, barabara imejengwa juu ya maji, na miaka ile pembeni yake pale Kibarani palikuwa ndio jalala la mji mzima. Kwa hiyo kabla ya kuona bahari niliinusa Kibarani. Abiria wote walifunika pua bila kukatiza mazungumzo yao, wamezoea.

Nyumba nikatafutiwa na dalali, Ganjoni, karibu na bandari, fleti ya chumba na sebule ghorofa ya nne. Dalali alikuwa kijana msafi, maneno matamu, akanionyesha pangaboi linazunguka, stima ipo, akaingia jikoni akafungua mfereji maji yakatoka kwa nguvu hadi yakaturukia, akaniangalia kwa fahari. Mimi nikalipa. Jioni yake napiga mswaki nikatema hapo hapo. Chumvi! Yaani sio chumvi ya kudhania, chumvi kabisa. Kumbe lile jengo lina kisima chake, pampu inavuta maji ya kisima hadi tangi la juu, na maji ya kisima cha kisiwani yana bahari ndani yake. Ya kuoshea choo na kupiga deki, basi. Ukioga nayo sabuni haitoi povu na ukikauka ngozi inakubana.

Nikaja kuelewa utaratibu pole pole. Maji ya kunywa na kupika unanunua kwa jamaa wa mkokoteni, mitungi ya lita 20, siku za kawaida wakati ule ilikuwa shilingi 20 za Kenya, hiyo ilikuwa zaidi ya 600 za kwetu, na ukikaa juu unaongeza ya kupandishiwa. Yakiadimika bei inakuwa anavyotaka yeye. Halafu kuna maji ya mfereji wenyewe, ya kutoka nje ya kisiwa, hayo watu wa jengo walikuwa wanayazungumzia kama mgeni aliyeahidi kuja, ati wiki iliyopita yalifika Tudor, ati Bondeni wamepata jana. Sisemi Kampala maji hayakatiki, yanakatika, na jerikani nimebeba sana maishani mwangu. Ila kwetu ziwa lile pale, unaliona, unajua hata ikiwaje maji yapo. Hapa niliona maji pande zote na bado nilikuwa naoga kikombe.

Wiki zile za mwanzo jengo zima halikunijua na mimi sikulijua. Watu wa pale wana adabu sana, salamu kwenye ngazi haikosi, hujambo, sijambo, habari za kazi, njema, mlango unafungwa. Ulikuwa mwezi wa tatu, kaskazi inaishilizia, hakuna upepo, pangaboi linazungusha joto lile lile. Kazini ndio usiseme. Kontena letu la kwanza tangu nifike lilikuwa limeshushwa melini likahamishiwa kwenye yadi moja nje ya bandari, ajenti anasema karatasi ziko kwenye yadi, yadi wanasema karatasi ziko kwa ajenti. Ushuru ulishalipwa Uganda, kwa sababu tangu 2014 mzigo wetu unalipiwa kabla haujatoka Mombasa, kwa hiyo hapo hakukuwa na la kusubiri. Siku za bure zikaisha, storeji, yaani ada ya kuhifadhi kontena, ikaanza kuhesabu. Bosi anapiga simu asubuhi mchana na usiku, anauliza nilikutuma kufanya nini huko, kuogelea?

Basi usiku mmoja nimelala sakafuni maana kitandani hakulaliki, nikasikia mlango unapigwa. Sio kugongwa, kupigwa, na kofi. Mimi nimekulia karibu na kambi, mlango ukipigwa saa nane usiku kwetu habari yake huwa sio nzuri, nilisimama katikati ya sebule na taulo nikiwaza nijibu nisijibu. Nje sauti ya mtoto inapiga kelele, maji yaja! Anko, maji yaja! Halafu miguu inakimbia kwenda mlango mwingine.

Nilichukua vyote viwili, ndoo na mtungi. Kwenye ngazi nikakuta jengo lote liko nje. Wanawake wa madera na leso, wazee wa vikoi vifua wazi, watoto wenye usingizi wameshika birika, kuna mama amebeba beseni la kuogeshea mtoto na mtoto mwenyewe mgongoni. Maji ya mfereji hayakuwa na nguvu ya kupanda juu, yalikuwa yanatoka kwenye mfereji mmoja tu, wa chini karibu na geti, na pampu huwezi kuiunganisha hapo kwa sababu ikivuta kwa nguvu majirani wa mtaa mzima wanakosa, ugomvi wake si wa kuamuliwa. Kwa hiyo yote yanapanda kwa mikono.

Anayesimamia alikuwa mama wa ghorofa ya chini, wote walimwita Bi Mkubwa, amekaa kwenye kigoda kando ya mfereji na tochi ya simu. Hapigi kelele. Anataja tu, wa pili mbili, wa tatu moja, mwenye mtoto mchanga apite. Akanimulika. "Ewe nawe ndiwe Mganda wa juu?" Ndio, shikamoo. "Marahaba baba. Una mgongo mzuri, simama pale ngazi ya pili." Sikuulizwa. Nikasimama, ndoo ikaja kutoka chini nikaipokea nikaipandisha kwa kijana aliye juu yangu, ikaja nyingine, ikaja nyingine. Nyumba ya Bi Mkubwa haikujazwa mpaka mwisho kabisa, hilo nililiona na bado nalikumbuka.

Chini yangu kwenye mnyororo ule alikuwepo mzee mmoja mkavu, zamani alifanya kazi bandarini, na domo halikumtoka hata mkono ukiwa umebeba. Akaniambia unajua haya maji yanatoka wapi? Nikasema sijui. Akasema Mzima, chemchemi za Mzima ndani ya Tsavo, bomba limelazwa tangu wakati wa Mwingereza miaka ya 1950, zaidi ya kilomita 200 hadi hapa ulipo. "Wanakunywa ndovu kwanza, viboko wanaoga, ndipo sisi." Ngazi nzima ikacheka. Nikamwambia mzee sisi Uganda bahari hatuna ila maji tunayo, Naili inaanzia kwetu Jinja. Akasema najua, naijua Uganda kuliko wewe, nimepakua kahawa yenu kwenye mabehewa miaka na miaka, kila mnachovaa na kila mnachoendesha kimepita mikononi mwetu hapa. Halafu akaniuliza wewe hasa umekuja kutafuta nini.

Nikamwelezea kontena. Nilimwelezea yote pale pale kwenye ngazi, ndoo inapita, sentensi nusu, ndoo nyingine, sentensi nusu, na watu wa juu na wa chini wanasikiliza wanaongezea maswali, kontena la futi ngapi, yadi gani, ajenti nani. Nadhani nilikuwa na hasira ya wiki nzima na sikuwa nimepata wa kumwambia. Mzee akasikiliza mpaka mwisho akaita kwa sauti kuelekea ghorofa ya tatu, "We, hebu shuka!" Akashuka kijana wa makamo nilikuwa namsalimia kila asubuhi bila kujua anafanya nini, kumbe ni karani wa yadi ile ile. Ndoo mkononi. Akaniuliza namba ya kontena, naijua kwa kichwa, nikamtajia. Akasema hiyo haijakwamia kwetu, ajenti wako hajaleta dilivari oda, ile karatasi ya kampuni ya meli ya kuruhusu mzigo utolewe, na sisi hatuwezi kuitoa bila hiyo, kwa nini hawakuambii? Mwambie umeongea na yadi, muulize dilivari oda iko wapi, usimuulize kitu kingine.

Maji yalikatika kabla ya adhana ya alfajiri, mfereji ukakohoa mara mbili ukanyamaza. Kila chombo changu kilikuwa kimejaa, hadi sufuria. Wanaume wakaenda msikitini na maji yanawadondoka, tuliporudi Bi Mkubwa alikuwa ameshatoa mahamri na mbaazi kwenye sinia kubwa pale uani, tukala tumesimama. Mtu mmoja akaniambia zamu ya kukesha kusikiliza mfereji inazunguka kwa ghorofa, ya nne haikuwa na mtu, sasa yupo. Nikasema sawa.

Saa mbili nilikuwa kwa ajenti, mikono inatetemeka hata kalamu haishikiki vizuri. Nikauliza dilivari oda iko wapi. Aliniangalia kwa muda, akafungua droo. Kontena lilitoka wiki hiyo hiyo likaanza safari ya mpakani Malaba, na dereva nilimpakia mtungi mtupu wa lita 20 aniletee maji ya kwetu akirudi, mzaha tu, lakini alileta na mzee wa bandari akayaonja akasema yana ladha ya matope.

Bosi alifurahi, akaniuliza umefanyaje. Nikamwambia nahitaji tangi la lita 500 la kuweka nyumbani, kampuni ininunulie. Akacheka sana. Akasema Mombasa imezungukwa na maji, tangi la nini? Nikanunua mwenyewe, vijana wa jengo wakalipandisha kwa kamba kupitia nje ya dirisha huku Bi Mkubwa akiwaelekeza kutoka chini, na mwisho wa mwezi kwenye ripoti ya matumizi nililiandika kwenye mstari wa storeji. Uhasibu Kampala hawakuuliza.