Ngusha wa Lamadi

Mimi ni mtoto wa Kirumba, Mwanza. Nimekulia karibu na soko la samaki, na kwa miaka mingi niliamini wale korongo wenye vipara wanaogombania matumbo ya sangara ndio tumbusi, wale ndege wakubwa wala mizoga. Kumbe hata undugu hawana. Siku hizi nikiwataka tumbusi wenyewe napanda basi stendi ya Nyamhongolo, njia ya Musoma.

Jumamosi mzee mmoja mfugaji wa Lamadi alinipigia alfajiri: "Ngosha, maksai wangu amenifia malishoni, huku upande wa Serengeti. Njoo na darubini yako."

Kufika, kitu cha kwanza niliangalia nzi. Mzoga uliotiwa sumu mara nyingi utaukuta umezungukwa na nzi waliokufa. Mtu ndama wake akiliwa na fisi, anapaka dawa ya wadudu kwenye nyama, halafu wanaoteketea ni tumbusi, maana wao hula kwa kundi. Botswana mwaka 2019, mizoga mitatu ya tembo iliyotiwa sumu iliua tumbusi zaidi ya 500. Nzi wa maksai huyu walikuwa wazima, wananiingia mpaka puani. Sijawahi kufurahia nzi namna ile.

Tulijibanza nyuma ya mgunga. Tumbusi mgongo-mweupe nilihesabu 34, na hawa tangu 2015 wamo kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka. Walikuwa wamedonoa macho na sehemu ya nyuma tu, wengine wamekaa kama wageni wanaosubiri sinia la pilau. Ngozi ya maksai imewashinda.

Saa nne na nusu akashuka ngusha, tumbusi wa aina nyingine. Mmoja tu. Kichwa chekundu kisicho na nyoya, ngozi imejikunja masikioni, mdomo mnene kuliko wa wenzake wote pale. Wenzake wakampisha. Akakanyaga ubavu, akauma, akavuta kwa shingo na mgongo wote, na ngozi ikalia kama turubai linalochanwa.

"Huyo ndiye fundi," mzee akanong'ona. "Anataga mangapi?"

"Moja, mzee."

"Kwa mwaka?"

"Kwa mwaka, na mwaka mwingine hatagi."

Akanyamaza, anachora chini kwa fimbo. Ngusha alikuwa ameshafungua tumbo, na wale 34 wamemvamia.

"Jirani yangu ana chupa ya hiyo dawa," akasema. "Fisi wamemmalizia mbuzi. Jioni nitapita kwake."

Nikamuuliza kama twende wote. Akasema hapana, mgeni ataharibu mazungumzo.