Kukausha kunde kabla hazijapukutika

Wanaokusanya mimea ya kuhifadhi hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa kwa ajili ya utafiti, hukimbilia ya porini na kuipita kunde shambani, eti ni mboga tu. Tunaliona hilo kosa kubwa: mkulima akiacha mbegu yake ya asili, mmea mkavu kwenye karatasi ndio utakaoonyesha ilikuwaje.

Ua la kunde hufunguka alfajiri, na adhuhuri limeshajifunga. Kata kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, shina la sentimita 30 hivi lenye ua na maganda. Rangi ya ua iandike papo hapo, kwani zambarau hufifia. Usipoteze vijani viwili vidogo vilivyo pale jani linapoungana na shina: vina mkia unaoshuka chini ya kiungo, na mkia huo huitenga kunde na fiwi hata pasipo ua.

Tandaza kwenye gazeti, geuza jani moja mgongo wake uonekane, kisha bana kwa mbao na mikanda. Shida huanzia hapa. Tawi lililokatwa huendelea kuishi ndani ya gazeti siku kadhaa, na muda huo hujikatia majani lenyewe kwenye maungio. Dodoma ni kavu, sawa, lakini kunde huchanua wakati wa mvua, na gazeti lisilobadilishwa huota ukungu. Badilisha kila siku kwa siku nne za mwanzo, au pitisha hewa ya joto la nyuzi 45 hivi. Kuchovya tawi kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache huzuia kupukutika, ila huharibu DNA. Kwa hiyo kabla ya kuchovya, tenga kipande cha jani kwenye silika jeli, punje zinazofyonza unyevu.

Maganda makavu yana fukusi. Tazama mbegu kwa karibu: kidoa cheupe kilichoganda juu yake ni yai, tundu la mviringo maana yake mdudu keshatoka. Funga vyote kwenye mfuko wa plastiki, gandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri wiki nzima, na ukiutoa usiufungue mpaka ubaridi wake uishe, la sivyo majani yatalowa.

Kwenye lebo andika kijiji, GPS, mwinuko, tarehe, kama inatambaa au inasimama, imechanganywa na mtama au uwele, na jina la mbegu kama mkulima anavyolitamka kwa Kigogo. Jina la kisayansi, Vigna unguiculata, mtaalamu ataliongeza wakati wowote. Mbegu zikae kwenye bahasha iliyobandikwa kwenye karatasi hiyohiyo. Andaa nakala mbili: moja iende hebaria ya taifa Arusha, nyingine Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.