Kilimanjaro Ndani ya Kifuko cha Gramu 10

Novemba mwaka jana mdogo wangu anayesoma Nagoya alinitumia boksi la vifuko 10 vya kahawa, na juu ya kila pakiti palikuwa na maandishi ya Kijapani ambayo alinieleza kwa simu kwamba yanasomeka "Kilimanjaro". Nilicheka peke yangu, kwa sababu mimi ni mzaliwa wa Machame na kahawa ndiyo iliyonilipia ada ya sekondari, lakini hadi siku hiyo sikuwahi kunywa kikombe kilichojinadi kwa jina la mlima wetu. Nyumbani kahawa ilichumwa, ikamenywa, ikaoshwa, ikaanikwa na kupelekwa chama cha msingi, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Asubuhi sisi tulikunywa chai ya maziwa, na mgeni wa heshima alikorogewa kahawa ya unga ya kopo.

Kwa asiyekifahamu, kifuko hiki si kama kile cha majani ya chai kinachotumbukizwa majini. Ni kichujio kidogo chenye gramu 10 hivi za kahawa iliyokwisha kukaangwa na kusagwa, nacho kina masikio mawili ya karatasi ngumu ambayo huvutwa pembeni na kupachikwa kwenye ukingo wa kikombe, kisha ukachana sehemu ya juu na kumimina maji ya moto taratibu. Japani ndiko vilikoanza kuzoeleka, katika miaka ya 1990. Pakiti ya nje kwa kawaida hujazwa naitrojeni ili oksijeni isibaki humo, maana kahawa ikishasagwa huanza kupoteza harufu yake mara moja, na bila hila hiyo ungefungua pakiti ya miezi sita ukakuta vumbi la kahawia lisilonukia chochote.

Kikombe changu cha kwanza kilikuwa cha aibu. Nilikitengeneza ofisini, Dar es Salaam, kwa maji ya chupa ya chai yaliyokuwa yamekaa tangu asubuhi, nikatumia kikombe kipana na kifupi, na nikajaza maji hadi juu kama mtu anayepika uji. Kifuko kikazama nusu ndani ya kahawa yake chenyewe na nilichokunywa hakikutofautiana sana na maji ya kusuuzia sufuria. Nilipokituliza kichwa nikajaribu tena nyumbani kwa kikombe kirefu, maji yaliyochemka muda huo huo, na subira. Kwanza unalowesha unga kwa maji kidogo na kusubiri kama sekunde 30, na hapo unauona unaumuka na kutoa mapovu, kwa kuwa gesi ya kaboni dioksaidi iliyobaki ndani ya kahawa tangu ilipokaangwa inatafuta njia ya kutokea. Baada ya hapo unamimina kwa awamu tatu hadi upate mililita 150, au 180 ukipenda kahawa nyepesi. Maji yanayofaa ni ya nyuzi 92 hadi 96 hivi. Dar, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100, inabidi niache birika lipumue kidogo, ilhali kwetu Machame, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, maji huchemka yakiwa karibu na nyuzi 95, na kwa hiyo unaweza kumimina moja kwa moja kutoka jikoni. Kikombe hicho cha pili kilikuwa na uchachu mwepesi na harufu ya kitu kitamu nisichoweza kukipa jina. Hakikuniachisha kahawa ya mabuli ya Kariakoo, ile inayochemshwa ikawa chungu na kunywewa kwa kashata, lakini hivyo ni vitu viwili ambavyo sioni sababu ya kuvishindanisha.

Kilichonikalia moyoni zaidi ni lile jina. Wauzaji wa kahawa ya aina hii husisitiza kwamba inatoka chimbuko moja, nami nikadhani nilichokinywa kilitoka mlimani kwetu. Nilipofuatilia nikagundua kwamba katika kanuni za Japani za kuandika majina ya kahawa, "Kilimanjaro" ni arabika yoyote iliyozalishwa Tanzania, isipokuwa ile ya upande wa Bukoba. Maana yake kahawa ya Mbozi ni Kilimanjaro, ya Mbinga ni Kilimanjaro, na ya Kigoma, iliyoota karibu na Ziwa Tanganyika, nayo ni Kilimanjaro. Ikichanganywa na kahawa za nchi nyingine bado inaweza kuuzwa kama mchanganyiko wa Kilimanjaro, mradi tu ifikie asilimia 30. Mkulima wa Mbinga, ambaye akitaka kuuona mlima huo inambidi asafiri kwa basi kutoka kusini hadi kaskazini mwa nchi, ana haki ya kulalamika kuliko mimi.

Hata hivyo, nikiwa mkweli, na sisi wenyewe huichanganya. Nilipiga hesabu nikaona kwamba kifuko kimoja kinahitaji matunda mekundu 40 hivi, kiasi ambacho mama hukichuma kutoka tawi moja au mawili bila kusogeza miguu. Mti mmoja tu wa kihamba chetu, yaani shamba la familia, ungetosha kujaza boksi zima na kubakiza. Lakini kahawa ya mama ikifika chama cha msingi inapimwa na kuunganishwa na ya majirani, kisha inapelekwa kwenye kiwanda cha kukoboa, Moshi, inakopangwa kwa ukubwa wa punje katika madaraja ya AA, AB na mengineyo, na inapoingia mnadani haina tena kumbukumbu ya mgomba ulioifunika kivuli. Utaratibu huo una sababu zake nzuri, kwa maana mkulima mwenye miti 200 hawezi kujaza kontena. Ila kwa maoni yangu jina la chama cha msingi lingetosha kabisa kwenye pakiti, na lingekuwa la kweli kuliko picha ya theluji.

Desemba nilipanda nyumbani kama tunavyofanya Wachaga wote, nikiwa na vifuko vitatu vilivyosalia. Baada ya shikamoo na habari za safari nilimtengenezea mama kimoja. Alikunywa nusu bila sukari, kwa adabu, kisha akaomba sukari. Akakichomoa kifuko kilichotumika, akakipasua kwa kidole na kuyatazama machicha kwa muda.

"Mwanangu, kahawa iliyosagwa nitaijuaje? Sioni punje iliyotobolewa na mdudu, sioni iliyochumwa mbichi. Waliisaga ili tusione?"

Nilimweleza kwamba imesagwa kwa ajili ya watu wasio na kinu wala muda. Alitikisa kichwa, akayamwaga machicha kwenye shina la mgomba, na vile vifuko viwili akavihifadhi kabatini, juu ya daftari lake la mauzo ya chama, akisema atavifungua siku atakayokuja katibu.