Umekuja na barua, mama?

Hilo swali linanizunguka kichwani tangu Jumamosi na halitaki kutulia. Nikiosha vyombo lipo, nikiwa kwenye daladala lipo, leo ofisini nimekaa na mafaili ya watu mbele yangu nikajikuta namjibu mwenyekiti wa jumuiya yetu kimoyomoyo kwa hasira mpaka dada wa meza ya pili akaniuliza naongea na nani. Na ni wiki ambayo Kanisa zima limepata furaha kubwa, Alhamisi ile moshi mweupe umetoka saa moja jioni kwa saa zetu, tukakaa sebuleni hatubanduki mpaka jina limetajwa, Papa Leo wa Kumi na Nne, mtu wa Marekani aliyetumikia Peru miaka mingi, mama akapiga magoti kwenye kapeti na goti lake lile lile bovu na watoto wakapiga magoti nao. Nilijua hiyo ndo nitakuja kuwaandikia. Lakini acha niandike kilichonikaa moyoni.

Mnajua mama yupo kwangu toka baada ya Pasaka kwa ajili ya jicho. Toka amefika swali lake lilikuwa moja tu, jumuiya yenu ni lini, yani ile jumuiya ndogo ndogo ya Wakatoliki majirani wanaosali pamoja. Sio dokta anasemaje, sio mjukuu kafaulu vipi, jumuiya ni lini. Jumamosi ya kwanza mvua ilitunyima, njia ya huku kwetu mnaijua ikinyesha inakuwaje. Jumamosi hii iliyopita kumi na moja alfajiri nimeamka nimemkuta ameshavaa, sare yake ya WAWATA, ule umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, imepigwa pasi usiku, kilemba, rozari mkononi, amekaa kwenye kochi taa imezimwa ananisubiri mimi. Tukatoka taratibu tukiruka matope, nimemshika mkono, saa kumi na mbili na nusu tumefika.

Tukasali rozari, Matendo ya Furaha kwa kuwa ni Jumamosi. Tukasoma Injili ya Jumapili, Yohane 10, ile fupi, kondoo wangu waisikia sauti yangu, nami nawajua, nao wanifuata. Watu wakashirikisha vizuri tu, kaka mmoja ameongea kuhusu sauti nyingi za siku hizi mpaka nikaguswa. Halafu ikaja ajenda ya wageni. Mwenyekiti akauliza kama kuna mgeni, mama akasimama, na kusimama kwake mnajua ni kazi, akashika kiti cha mbele yake.

Akasema, Tumsifu Yesu Kristo. Tukaitika Milele Amina. Akajitambulisha, natokea Kilema, Jimbo la Moshi, ni mwana WAWATA, nimekuja kwa binti yangu kutibiwa macho, nafurahi kusali na nyie.

Watu wakaanza kupiga makofi, na makofi hayajaisha mwenyekiti akasema, "Karibu sana. Umekuja na barua, mama?"

Mama akasema, "Barua ya nani, baba?"

"Ya utambulisho. Ya jumuiya unakotoka, yenye muhuri wa paroko."

Mama akatulia kidogo. Halafu akasema, "Sina barua baba. Nina rozari." Akainyanyua ile rozari yake ya mbao.

Kuna waliocheka, sio vibaya, walicheka kama watu wanavyocheka bibi akisema kitu. Mimi nikasema, "Mwenyekiti, ni mama yangu mzazi huyu." Akanijibu kwa upole kabisa, "Najua dada yangu, lakini utaratibu ni utaratibu." Akainama akaandika kwenye kauntabuku. Nilikuwa nimekaa karibu nikaona. Kwenye ule mstari wa jina la mama, kwa kalamu nyekundu, ameandika: mgeni, hana barua. Halafu akapiga mstari kwa rula, akaenda ajenda ya michango.

Mimi michango sikuisikia. Nilikuwa naangalia ule mstari.

Sasa niseme ukweli, ule utaratibu nauelewa. Nimekaa Dar miaka na miaka, najua kwa nini upo. Watu wanahama, wanahamia, mtu anatokea kutaka kubatizia mtoto hakuna anayemjua, mwingine anataka ndoa kumbe kule alikotoka kaacha ndoa nyingine, na misiba ndo usiseme, ndugu wanakuja parokiani wanataka padre na misa na wanakwaya na marehemu hakuna hata jumuiya moja inayoweza kusimama ikasema tulikuwa tunasali naye. Kwa hiyo jumuiya ndo inathibitisha. Bila jumuiya paroko atajuaje, parokia ina maelfu ya watu. Hayo yote nayajua na mwenyekiti wetu ni mtu mzuri, kwenye msiba wa mwaka juzi mnaokumbuka alilala kwetu kwenye turubai.

Lakini bado. Bado mtu mzima wa umri ule, amesimama kwa kushikilia kiti, makofi hayajaisha.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba mama yangu hizi jumuiya amezianza. Maaskofu wa AMECEA, yani umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipokutana mwaka 1976 wakaamua Kanisa la huku kwetu lijengwe kwenye jumuiya ndogo ndogo, kule kijijini ilipofika ile habari mama alikuwa binti aliyeolewa juzi juzi, anasimulia katekista alivyokuwa anapita kihamba kwa kihamba, yale mashamba ya nyumbani ya Wachaga, anawaambia kuanzia sasa nyumba hizi mpaka mfereji ule mtakuwa mnasali pamoja. Walikaa kwenye migomba wakiwa na Biblia moja, anayejua kusoma anasoma na wengine wanasikiliza. Hakuna aliyeuliza mtu barua kwa sababu kila mtu alijulikana, ni wa ukoo gani, ng'ombe wake wangapi, kagombana na nani. Kilema yenyewe ni misheni ya toka miaka ya 1890, bibi yake mama alibatizwa pale. Yani imani ya nyumba yetu ni ya zamani kuliko mtaa huu ninaokaa, huku Kimara kwetu kulikuwa pori.

Nikawa nawaza hata lile tendo la pili tulilolisali asubuhi ile ile, Maria anakwenda kumtembelea Elizabeti. Amesafiri mpaka milimani, amefika mlangoni kwa Zakaria, akasalimia. Elizabeti aliposikia ile salamu tu mtoto akaruka tumboni. Salamu ilitosha. Mama yangu naye alisalimia, tena kwa jina la Yesu.

Jumapili tukaenda misa ya pili, ndo ilikuwa Jumapili ya Mchungaji Mwema. Somo la pili likasomwa, Ufunuo sura ya saba, umati mkubwa ambao hakuna mtu awezaye kuuhesabu, watu wa kila taifa na kabila na jamaa na lugha, nikaanza kulia pale pale kwenye benchi. Mama akadhani nalia sababu ya siku ya akina mama, akanipa leso.

Jioni yake nikaona siwezi kukaa nalo, baada ya kula nikamfuata chumbani. Nikamwambia mama pole kwa yaliyotokea jana kule jumuiya. Akaniangalia na lile jicho zima.

"Yapi?"

"Ile habari ya barua."

"Aah, barua. Nimeshampigia katibu wetu. Paroko akigonga muhuri wataikabidhi kwa kondakta, Alhamisi uende ukaipokee stendi."

Nikamwambia lakini mama hakupaswa kukuuliza vile mbele za watu. Akasema, "Ulitaka asiniulize? Nikifia hapa kwako nani ataniimbia?"

Alisema hivyo huku anakunja kanga, kama mtu anayeuliza mafuta ya taa yamebaki kiasi gani. Mimi nikakosa la kusema. Nikakaa kwenye kona ya kitanda.

Halafu akasema, "Kilichoniudhi mimi sio hicho."

Nikasema haya, afadhali kumbe kuna kitu.

"Mnasali mbio. Salamu Maria haijafika kwa Yesu nyie mshaitikia Maria Mtakatifu. Mnakimbilia wapi? Nimesali pale kama nafukuzwa. Yule mama aliyekuwa anaongoza alikuwa anameza maneno, anameza, mimi nikawa nabaki nyuma peke yangu. Nimekuja kutoka Kilema nimekuta watu hawampi Mama Maria hata nafasi ya kusikia."

Jamani. Siku mbili nzima mimi nimebeba barua, yeye amebeba hicho. Na alikuwa ameumia kweli, sauti ilikuwa inatetemeka. Nikaanza kukumbuka ni kweli, sisi tunasali mbio, Jumamosi kwa sababu watu wanawahi kazini na sokoni, na jioni hizi za mwezi Mei kwa sababu kila mtu ametoka kwenye foleni ya Morogoro Road na hajapika. Sikuwahi kulisikia hilo masikioni mpaka aliposema yeye.

Sasa jana Jumatatu ile sanamu ya Mama Maria inayozunguka nyumba kwa nyumba kwenye rozari za mwezi Mei ilikuwa zamu ya kulala kwetu. Tukapanga stuli, nikatandika kitenge kile cha bluu, mwanangu mdogo akaenda kuomba maua kwa jirani, watu wakaanza kuingia viatu vikajaa barazani. Mwenyekiti naye akaja. Kabla hatujaanza nikamfuata nikamwambia mwenyekiti naomba tendo moja aongoze bibi. Akasema bila shaka, mpe la pili. Wala sikumwomba hilo la pili, kalichagua mwenyewe.

Tendo la kwanza likaenda na spidi yetu ile. Likaja la pili. Mama akasema, Maria anakwenda kumtembelea Elizabeti, tumwombe Mungu atujalie mapendo ya jirani. Akanyamaza. Alinyamaza muda mpaka watu wakaanza kuangaliana wakidhani amesahau. Halafu akaanza Baba Yetu, neno moja moja. Ilipofika Salamu Maria ya kwanza watu wakadakia mwitikio kama kawaida yetu, yeye hakukatisha, akaendelea na sauti yake ile ya chini, na Yesu mzao wa tumbo lako amebarikiwa, mpaka mwisho, ikabidi watu wasimame wamsubiri. Ya pili wakadakia wachache. Ya tatu hakuna aliyedakia. Yani kufika katikati nyumba nzima imepoa, hata watoto, hata kijana wa duka la mangi ambaye huwa anachungulia simu. Mwenyekiti alikuwa amefumba macho, amekunja mikono kifuani. Feni inazunguka, mama anahesabu punje kwa kidole gumba, jicho baya linatoka machozi kama linavyotoka siku zote, na mimi nikasikia kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sana maneno ya ile sala yote, sasa na saa ya kufa kwetu.

Nilifurahi. Sijui niseme vipi tena, nilifurahi kwa namna ambayo hasira ya barua ilikosa pa kukaa kwa muda ule.

Tulipomaliza tukanywa chai na maandazi, wakina mama wa WAWATA wakamzunguka wakawa wanamuuliza habari za huko, mmoja kumbe kaolewa Marangu, wakaanza kuongea Kichaga. Mwenyekiti akaniaga mlangoni, akavaa viatu, akasimama. Akasema, "Dada yangu, yule mama anasali." Nikasema asante. Akaondoka hatua kidogo akageuka, "Ile barua lakini usiisahau."

Alhamisi nitaomba ruhusa mapema niende stendi. Baba watoto anasema hapo sasa yameisha, kila mtu kapata chake. Mimi sijakubali. Ningetaka mgeni akisimama tumpigie makofi mpaka yaishe, akae, anywe chai, halafu katibu amfuate pembeni amuulize barua kwa sauti ndogo. Nitalisema hili kwenye kikao cha jumuiya cha mwisho wa mwezi na nitalisema nikiwa nimesimama, na lile la kusali mbio nitaliweka pia kwenye ajenda, mama akiwepo au asiwepo.

Kitu kingine, mdogo wangu wa malori hajaingia WhatsApp tangu Jumapili mchana. Alivuka mpaka wa Tunduma salama akaingia Zambia, akaniambia anaelekea Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, na mzigo wa Lubumbashi, kuanzia hapo meseji zote tiki moja. Namba yake ya Zambia haiiti kabisa, na mwenzake wa gari la nyuma anasema walipotezana njiani. Kama kuna mtu ana ndugu kwenye foleni ya malori ya Kasumbalesa sasa hivi naomba aniambie ni mtandao unasumbua au kuna nini, kwa sababu mama ameanza kuniuliza na nimemwambia nimeongea naye asubuhi.