Uchachu na magadi: ninavyosafisha nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga

Binti yangu wa pili ana pumu. Zile dawa kali za kusafishia, hasa zenye klorini, zikimwagwa chooni hata kama mlango umefungwa, kifua chake kinaanza kubana. Ndiyo sababu nilianza kusafisha nyumba kwa vitu vya jikoni na vya sokoni, na sasa hata akiwa shuleni siku nzima sirudi nyuma. Kila kitu nakipata kwa miguu: ndimu, ukwaju na magadi Soko la Mgandini, siki nyeupe dukani, majivu kwenye jiko langu mwenyewe, na dodoki kwenye uzio wa jirani ambaye hunipa bure kila likikauka.

Mitandaoni mapishi ya aina hii yamejaa, na mengi yanakwambia uchanganye siki na baking soda kisha ushangilie povu. Lile povu ni hewa inayotoka tu. Siki ni kitu kichachu, baking soda ni ya upande wa magadi, na vikikutana vinamalizana nguvu, unabaki na maji yenye chumvi kidogo. Povu linaweza kusukuma taka nyepesi kwenye tundu la sinki, basi. Kuusugulia uchafu maji hayo ni kupoteza siki yako na baking soda yako kwa mpigo mmoja.

Mimi nimegawa kazi zote za nyumba pande mbili. Uchafu wa mafuta, jasho na masizi unataka magadi, majivu au sabuni. Uchafu wa chumvi ya maji, kutu na weusi wa shaba unataka kitu kichachu: siki, ndimu, ukwaju. Ukishajua uchafu ulio mbele yako ni wa upande gani, mapishi ya mtu huyahitaji tena.

Tuanze na chumvi ya maji, maana huku kwetu wengi tunachanganya maji ya bomba na ya kisima. Birika langu la umeme likitumia maji ya kisima wiki chache tu, chini panajaa gamba jeupe gumu, na chai inakuja na vipande vinavyoelea. Gamba hilo ni la aina moja na chokaa. Natia siki na maji nusu kwa nusu mpaka lifunikwe, nachemsha mara moja, nazima, naacha lipoe lenyewe. Ukisikiliza kwa karibu wakati linapoanza kupata moto utasikia mchakacho mdogo, na vipovu vitaonekana vikitoka kwenye gamba lenyewe: ni chokaa inayeyuka. Baadaye ni kumwaga, kusuuza, na kuchemsha maji matupu mara moja kabla ya chai. Ndimu nazo zinafanya kazi ileile, ila utahitaji nyingi. Dirisha liwe wazi, kwa sababu mvuke wa siki nao unakera kifua. Mtoto wangu humtoa nje kabisa.

Siki hiyohiyo ndiyo inayotoa mstari wa njano kwenye bakuli la choo. Namwaga usiku watu wakishalala, asubuhi nasugua.

Lakini kitu kinachokula gamba la chokaa kinakula na chokaa nyingine yoyote. Sakafu ya saruji, terazo, mawe ya matumbawe ya nyumba za zamani za Pangani na Unguja, kuta zilizopakwa chokaa: kote huko siki na ndimu usipeleke. Ukimwaga leo hutaona kitu. Ukirudia kila wiki, uso unakuwa na vinyweleo, unachubuka, na uchafu unapata mahali pa kujificha. Hata kwenye vigae, kigae chenyewe hakidhuriki ila saruji iliyo katikati yake inaliwa taratibu. Sakafu yangu napiga deki kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, na sioni haja ya zaidi.

Sufuria ndizo zenye ubishi mkubwa kati yangu na mama mkwe. Yeye anasugua kila kitu kwa majivu na kumbi la nazi, na zake zinang'aa kweli. Majivu ya kuni yana kemikali ya jamii ya magadi ndani yake, ndiyo maana yakikutana na mafuta yanateleza mkononi kama sabuni. Juu ya hapo ni ungaunga unaokwangua. Kwa chuma, udongo, glasi na vyombo vya bati vilivyopakwa rangi sina neno. Kwa alumini ninachosema ni kwamba usuguaji uwe wa haraka na suuza papo hapo. Usiloweke sufuria ya alumini kwenye majivu wala magadi, maana itapauka, iwe nyeusi kwa ndani, na madini yenyewe yanaliwa. Ikishakuwa nyeusi, tia maji, maganda ya ndimu mlizokamua mchana na kipande cha ukwaju, chemsha kama robo saa. Weusi unaondoka wenyewe, na ule weupe wa sufuria mpya unarudi bila kutumia waya. Mama mkwe alipoona hilo aliniomba nimfanyie na sufuria lake la pilau, lile kubwa la shughuli.

Kwa anayepikia kuni, mbinu ya zamani haijapata mpinzani: paka majivu yaliyoloweshwa, au sabuni, nje ya sufuria kabla ya kuibandika. Masizi yanakaa juu ya ule mpako, na ukiosha vinatoka pamoja.

Dele la kahawa la shaba tulilorithi nalisafisha kwa ukwaju peke yake. Nauloweka kidogo, naupaka na kokwa zake na nyuzi zake, naacha wakati natwanga kitunguu saumu, kisha nasugua kwa kitambaa. Ile rangi ya kahawia iliyofifia inageuka ya dhahabu mbele ya macho yako, kuanzia pale kidole kilipopita. Suuza vizuri na ukaushe hapohapo, maana uchachu ukibaki dele linaota ukijani.

Upande wa magadi sasa. Yale mabonge ya kijivu tunayotia kwenye maharage yaive upesi ni chumvi ya maziwa ya Bonde la Ufa, kama Ziwa Natron huku kwetu na Ziwa Magadi kule Kenya. Nayatwanga, nayayeyusha kwenye maji ya moto, nachuja mchanga kwa kitambaa. Maji hayo yanakata mafuta ya mlango wa jiko la gesi, yanatoa harufu kwenye vitambaa vya jikoni, na kijiko kimoja kwenye ndoo ya nguo kinasaidia sabuni kutoa povu hata kwa maji ya kisima. Mikono itakauka, kwa hiyo baada ya kazi pakaa mafuta ya nazi. Nguo za hariri na sufi usizitie.

Sabuni yangu ya vyombo naitengeneza hivi: kipande cha sabuni ya mche kama gramu 100 nakikwangua kwa kikwaruzio cha karoti, naweka kwenye lita 2 za maji yanayochemka, nakoroga mpaka iyeyuke yote, namalizia na vijiko 2 vya magadi yaliyochujwa. Ikipoa inakuwa nzito ya kutetemeka. Wengi wanapenda kukamulia ndimu ili inukie, na hapo ndipo kazi inapoharibika: uchachu unaivunja sabuni, inakatika kama tui lililoachwa lichemke bila kukorogwa, mafuta juu na maji chini. Ukitaka inukie, chemsha mchaichai kwenye yale maji kwanza. Mchaichai hausafishi chochote, ila sinki lenye harufu nzuri linapendeza.

Sigusi kostiki, ile kemikali kali ya kutengenezea sabuni inayounguza ngozi. Najua kuna akina mama mtaani wanaotengeneza sabuni ya kuuza kwa kostiki na mafuta ya mawese na wanaiweza kazi yao, lakini nyumba yangu ina watoto na jiko ni dogo. Sabuni iliyokwisha kutengenezwa inanitosha.

Mashati meupe ya shule yana adui wake: waya wa kuanikia. Ukishika kutu unaacha mstari wa rangi ya chungwa begani. Kamua ndimu juu ya doa, nyunyiza chumvi ya unga, tandaza juani, na likianza kukauka ongeza ndimu. Doa linafifia taratibu mpaka linaondoka, kisha ndiyo unafua kwa sabuni. Usianze na jiki, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, kwa sababu jiki haitoi kutu, inaikoleza. Na nguo ya rangi usiifanyie hivi kabla ya kujaribu upindo wa ndani.

Msimu wa machungwa ya Muheza, maganda hayatupwi. Nayajaza kwenye chupa ya mdomo mpana, namimina siki mpaka yafunikwe, nayaacha wiki mbili, nachuja. Bonyeza ganda bichi karibu na mwali wa mshumaa utaona cheche zinaruka: hayo ni mafuta ya ganda, na ndiyo yanayolegeza gundi ya lebo kwenye chupa na ule unata wa mafuta juu ya kabati. Kitambaa kilicholoweshwa humo kinafuta pia njia ya sisimizi, wanapotea mpaka watakapopata nyingine.

Kuna mambo mawili sitaki mtu ayachukulie kirahisi. Jiki na siki, au jiki na ndimu, visikutane kamwe, si kwenye ndoo, si kwenye bakuli la choo. Inatoka hewa ya klorini inayounguza mapafu, na choo cha dirisha dogo kinatosha kumwangusha mtu mzima. Hata mkojo na jiki vinatoa hewa mbaya, kwa hiyo mwaga maji kwanza. La pili, kipindupindu kikiingia mtaani siki iweke pembeni. Haiui vijidudu kwa uhakika unaotakiwa. Hapo ni sabuni na maji tiririka mikononi, na klorini kwa choo na sakafu kama wahudumu wa afya wanavyoelekeza. Siku hizo binti yangu anahamia kwa bibi yake, nasi tunasafisha kwa klorini milango ikiwa wazi.

Chupa za maji ya kunywa na za juisi sizitumii kuhifadhia dawa hizi za kusafishia, hata zikiwa na lebo. Mtoto akiwa na kiu hasomi. Natumia madumu madogo ya rangi, nayapandisha rafu ya juu, na sabuni natengeneza ya wiki tatu tu, kwa sababu haina dawa ya kuihifadhi na ikikaa sana inaanza kunuka.