Nilivyoandika mwongozo wa zana ya kusasisha matokeo ya majaribio

Zana yenyewe ni ya web-platform-tests, ule mkusanyiko wa majaribio ambao watengenezaji wa vivinjari wanautumia kwa pamoja kupima kama kurasa za wavuti zinafanya kazi sawasawa kila mahali. Amri yake ni wpt update-expectations. Unaipa ripoti ya majaribio yaliyokwisha kuendeshwa, nayo inapita kwenye mafaili ya metadata na kurekebisha matokeo yanayotarajiwa yaliyoandikwa humo. Vijana wa kikundi chetu cha programu hapa Mbeya walitaka kujifunza kazi hiyo, na kwa kuwa mimi nilishaizoea, mzigo wa kuandika mwongozo wa Kiswahili ukaniangukia.

Niliamua mapema kwamba sitapanga mwongozo kwa kufuata orodha ya machaguo ya amri. Orodha hiyo kila mtu anaiona akiandika --help. Asichoweza kukiona ni faili lake litakuwaje baada ya kubonyeza Enter. Kwa hiyo kila sehemu niliipa vitu vitatu: faili lilivyokuwa, amri, na faili lilivyobadilika, vikiwa vimenakiliwa moja kwa moja kutoka git diff, amri inayoonyesha mistari iliyobadilika kwenye mafaili.

Nilianza na jambo dogo linalowachanganya wengi. Jaribio linalopita halihitaji faili la metadata kabisa, maana kupita ndiko kunakotarajiwa. Linaloanguka ndilo linalopata faili la .ini lenye jina lake, na ndani yake mstari wa expected: FAIL. Likianguka kwenye Windows peke yake, mstari unapata sharti:

expected:
  if os == "win": FAIL

Zana huandika sharti kama hilo ikiwa umeipa ripoti za Windows na za mifumo mingine pia. Haibuni. Na hapo ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko sehemu nyingine zote, kwa sababu kuna chaguo la --full, ambalo kwa majaribio yanayosasishwa hufuta masharti ya zamani na kuanza upya. Ukiwa na ripoti za mifumo yote, linasafisha vizuri sana. Ukiwa na ripoti ya laptopu yako moja ya Linux, umefuta yaliyojulikana kuhusu Windows na Mac. Vijana wetu wengi wana kompyuta moja, tena nyingine ya kuazima, kwa hiyo onyo hilo nililiweka kabla ya mfano.

Kisha nikamwomba binti mmoja anayesoma Iyunga afuate mwongozo mbele yangu, nami nikae kimya. Ilikuwa Juni, baridi ya Mbeya mnaijua, amejifunga kitenge juu ya sweta na kikombe cha chai kando. Ukurasa wa kwanza tu akasimama.

“Kaka, hii ripoti naitoa wapi?”

Swali la haki kabisa. Nikaongeza sehemu ya kuendesha majaribio kwanza kwa wpt run, pamoja na --log-wptreport na jina la faili la kuhifadhia. Nikaongeza pia ushauri wa kupakua hazina, yaani mafaili yote ya mradi, kwa git clone --depth 1, inayoleta toleo la mwisho tu, kwani historia yote ya mradi ule inakula bando bila huruma. Nakala moja tuliiweka kwenye flashi ikazunguka kikundini.

Swali lake la pili lilikuwa gumu zaidi: jaribio likipita leo na kuanguka kesho, zana inaandika nini? Kuna --update-intermittent, inayoandika hali zote mbili, kwa mfano [PASS, FAIL], na ya kwanza ndiyo kuu. Kuna pia --disable-intermittent, inayozima jaribio kabisa na kutaka uandike sababu. Mimi hiyo ya pili siipendi. Jaribio lililozimwa halimkumbushi mtu chochote, na sababu ya “linayumba” haimsaidii atakayekuja mwakani. Nimeieleza kwa mistari miwili nikasonga mbele.

Sentensi niliyoipigania ni ile ya juu kabisa ya mwongozo: zana hii haijui kama kuanguka ni halali. Ukiharibu kivinjari kisha ukaendesha amri, itaandika FAIL kwa utulivu, na majaribio yataonekana salama. Mwenzangu mmoja aliona inatisha wanaoanza. Nikamwambia afadhali watishike sasa, wasome git diff mstari kwa mstari kabla ya kuituma.

Kilichobaki ni sehemu ya Windows, ambayo binti yule ameichukua yeye, kwa kuwa mimi sina mashine ya Windows. Kila ukurasa una tarehe na toleo la zana lililotumika, maana machaguo hubadilika, na mfano usiolingana na kilicho kwenye skrini humfanya msomaji adhani kosa ni lake.