Daftari la madeni la mwaloni

Februari 2023 nilikuwa afisa mipango katika halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa, na nilikuwa na furaha ambayo watu wa kada nyingine hawaielewi: takwimu mpya. Kwa miaka kumi tulikuwa tunapanga kila kitu kwa makisio. Unachukua idadi ya sensa ya 2012, unaipandisha kwa kasi ya ongezeko, unapata watu wa mwaka unaoutaka. Sensa ikishakuwa ya zamani, kazi hiyo inakaribia kupiga ramli. Sasa matokeo ya 2022 yalikuwa mezani. Rais Samia alikuwa ameyatangaza Dodoma tarehe 31 Oktoba: Watanzania 61,741,120, kutoka 44,928,923 wa 2012, kasi ya asilimia 3.2 kwa mwaka. Baada ya hapo zikatufikia za wilaya, na mwisho za kata.

Kata moja ikanishtua. Ni ya kisiwani, mwendo wa saa mbili kwa boti ya injini. Kasi yake ya ongezeko iliiacha mbali ile ya taifa. Tena wanaume. Nchini wanawake ni asilimia 51, lakini kule wanaume waliwazidi wanawake kwa wingi, na karibu wote walikuwa vijana wa kati ya miaka 20 na 40. Piramidi ya umri kwa kawaida inaanza pana chini, kwenye watoto, inaendelea kusinyaa kadiri unavyopanda. Hii ilikuwa na kitambi.

Tulikuwa kwenye bajeti ya 2023/24, kila idara inagombea nafasi, na mimi nilikuwa napenda fomula. Sera ya Maji ya mwaka 2002, tuliyokuwa tukiitumia wakati ule, ilisema kituo kimoja cha kuchotea maji kihudumie watu 250, kisiwe mbali zaidi ya mita 400, na kila mtu apate angalau lita 25 kwa siku. Nikagawa. Kikokotoo kikatoa vituo zaidi ya kumi. Nikaongeza na watu wa miaka kumi ijayo kwa kasi ileile, vikawa vingi mpaka mhandisi wa maji akavua miwani.

"Wewe kisiwa hiki umewahi kufika?"

Sikuwahi. Basi Jumatatu, tarehe 6 Februari, nikapanda boti.

Niliyoyakuta mwaloni, pale ufukweni mitumbwi ya uvuvi inapofikia, yalinikasirisha. Mitumbwi imevutwa juu ya mchanga, nyavu zimetundikwa, mbuzi wamelala kwenye vivuli vya mitumbwi. Mistari kwa mistari ya vibanda vya mabati, na karibu kila mlango una kufuli. Watoto walikuwepo, na akina mama waliokuwa wanafua, na wazee wawili kwenye benchi. Mtendaji wa kata akanizungusha na maelezo mengi, lakini mimi nilikuwa nimeshatoa hukumu kichwani. Nilijisemea kwamba makarani walikaa chini ya mti na vishikwambi vyao wakajaza watu wa kubuni. Nikatoa penseli, nikaandika pembezoni mwa jedwali: "Idadi itiliwe shaka. Vituo vipunguzwe nusu." Karatasi ile ninayo mpaka leo, na sijawahi kumwonyesha mtu.

Tukaenda kutafuta chakula. Palikuwa na banda moja tu lililo wazi, na ndani yake sufuria moja juu ya mafiga yaliyowekwa kwa ajili ya sufuria sita. Nikamwambia mama ntilie, kwa utani, kwamba naona biashara imelala.

"Nimpikie nani, mwanangu? Si mbalamwezi?"

Ilikuwa saa saba mchana, jua kali. Akaninyooshea kidevu kuelekea juu hivyohivyo, kana kwamba mwezi ulikuwa pale nikakataa kuuona. Kisha akanieleza kama unavyomweleza mtoto. Dagaa huvuliwa kwa taa. Taa inawavuta giza likiwa zito, lakini mwezi ukijaa taa haina kazi. Hivyo siku za mbalamwezi wavuvi wanagawana pesa na tajiri mwenye mtumbwi, wanafunga vibanda, wanarudi bara kwa wake zao, au kwa wasio wake zao. Giza likiingia wanarudi wote, na wengine wapya juu yao. Usiku wa kuamkia siku niliyofika ndipo mwezi ulipokuwa umejaa kabisa. Sikuwa na habari. Afisa mipango mzima wa wilaya inayokula kwa sababu ya dagaa.

Akafuta mikono, akatoa chini ya meza kaunta buku lenye jalada gumu, limelowa mafuta pembeni. Lilikuwa daftari la madeni. Wavuvi wanakula kwa mkopo giza zima, wanalipa siku ya mgao. Majina hayakuwa majina: "Mrefu boti nyekundu", "Muha", "Dogo wa tajiri wa pili", "Asiyecheka". Mbele ya kila mmoja kuna vijiti, kila kijiti sahani moja, na kikikatwa kwa mstari deni limelipwa. Alikuwa amepiga mstari kwa rula kila giza linapoanza, na mwingine kila mbalamwezi inapoingia. Kurasa za giza zilijaa hadi pembezoni, nyingine majina mawili kwenye mstari mmoja. Za mbalamwezi zilikuwa na watu sita, saba, halafu karatasi tupu.

Nikaomba kulikagua. Nikaanza kuhesabu kwa kidole, giza baada ya giza, na ugali wangu ukapoa. Nimesoma ripoti nyingi zenye jalada zuri, lakini sijawahi kupata takwimu safi kuliko zile, kwa sababu aliyeziandika angepoteza hela kama angekosea.

Mzee mmoja wa kwenye benchi, wa kamati ya mwalo, alikuwa anatusikiliza. "Sensa hii ya juzi ilitukuta gizani," akasema. "Ile ya nyuma ilikuja wiki moja hivi baada ya Idi. Mwezi unakua. Wengine walikuwa wameshaanza kufunga."

Usiku ule nyumba ya wageni nikatafuta kalenda ya mwezi kwenye simu. Sensa ya 2012 ilikuwa usiku wa kuamkia 26 Agosti, na mwezi ulijaa tarehe 31. Ya 2022 ilikuwa usiku wa kuamkia 23 Agosti, na tarehe 27 mwezi haukuonekana kabisa. Sensa zetu zinamhesabu mtu pale alipolala usiku huo, na utaratibu huo una maana yake, maana vinginevyo mtu mmoja atahesabiwa mara mbili au asihesabiwe kabisa. Makarani hawakubuni mtu. Ila sehemu ya lile ongezeko lililonishtua haikuwa watu waliozaliwa wala waliohamia. Ilikuwa tofauti ya mwezi, na mimi nilikuwa naipeleka miaka kumi mbele.

Nikafuta ile ya penseli, ingawa haikufutika vizuri. Niliporudi ofisini nikaandika kata ile kwa idadi mbili, ya giza na ya mbalamwezi, jambo ambalo jedwali letu halikuwa na safu yake. Madarasa nikayapiga kwa watoto wa umri wa shule, kwa kuwa wao hawaendi na mwezi. Maji na matundu ya vyoo vya mwaloni nikayapiga kwa giza. Kipindupindu hakisubiri wastani wa mwaka, na mtu anayelala siku 18 kisiwani anachota maji siku 18. Kwenye kikao mtu mmoja akauliza chanzo cha takwimu zangu za pili ni nini. Nikasema utafiti wa eneo. Mhandisi akainama kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka. Vituo vilivyopitishwa vilikuwa vichache kuliko nilivyoomba, lakini havikuwa nusu.

Kabla ya kikao hicho nilirudi kisiwani mara moja, wiki mbili baada ya safari ya kwanza, mbalamwezi ikiwa imekwisha. Tulichelewa, tukafika usiku. Ziwa lilikuwa limewaka taa mbele yetu, mamia, huwezi kusema mji uko upande gani na maji yako upande gani. Mwaloni nilipita kwa kupenya mabega. Sufuria sita zote zilikuwa motoni. Mama alinisukumia sahani bila kuuliza, nikala nimesimama kwa kukosa nafasi, na nilipotoa noti ya elfu kumi akasema hana chenji usiku huu, nitalipa siku nyingine.

Akafungua kaunta buku, akasogeza taa. Nilimwambia tena kwamba mimi si mtu wa sensa, ni wa mipango. Akaitikia "haya baba", akaandika chini kabisa ya ukurasa, baada ya Asiyecheka: "Sensa", na mbele yake kijiti kimoja.